Baiskeli Moja kwa Chumbani na Jangwani: Jibu kwa Msikilizaji wa Sinaw

Leo tunajibu barua moja tu, lakini ni barua ambayo kwa maoni yetu inawahusu wengi miongoni mwenu, hususan nyinyi mnaotusikiliza kutoka Oman na nchi nyinginezo za Ghuba, ambako jua la kiangazi humfungia mtu ndani kwa miezi kadhaa kila mwaka.

Barua hiyo imetoka Sinaw. Mwandishi wake, ambaye ametuomba tusilitaje jina lake, ni mwalimu mstaafu aliyezaliwa Unguja na kuhamia Oman pamoja na wazazi wake katika miaka ya 1970. Anatueleza kwamba daktari amemwonya kuhusu maradhi ya sukari na kumtaka afanye mazoezi takriban kila siku. Alianza kwa kuazima baiskeli ya mwanawe. Siku moja ya mwezi wa Juni, yapata saa kumi alasiri, akiwa kwenye njia ya changarawe nje ya mji, alishikwa na kizunguzungu, akaketi chini ya mgunga, na lau asingetokea mchunga ngamia mmoja akampakia garini pamoja na baiskeli yake, hajui mambo yangeishia wapi. Tangu siku hiyo mkewe amempiga marufuku kutoka na baiskeli wakati wa joto. Sasa ameweka akiba ya kununua baiskeli moja, si mbili, na anauliza: je, ipo baiskeli inayoweza kufungwa chumbani kwa mazoezi wakati wa kiangazi, kisha ikatolewa nje kukata changarawe wakati wa baridi? Au ndiyo yale ya mshika mawili, moja humponyoka?

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba ipo, na huitwa baiskeli ya changarawe. Hata hivyo, si kila baiskeli inayouzwa kwa jina hilo itamfaa ndugu yetu huyu. Na jambo la kwanza la kutazama dukani ni lile ambalo wanunuzi wengi hulitazama mwisho, yaani sehemu ya nyuma ya baiskeli, pale gurudumu linaposhikamana na fremu. Kwa nini iwe hivyo? Tuanze na mahali penyewe.

Kwa wale wasioufahamu, Sinaw ni mji wa bara ulioko kusini mwa Maskati, katika mkoa wa Sharqiyah Kaskazini, na tangu mwaka 2022 ni wilaya inayojitegemea. Soko lake la Alhamisi linajulikana kote nchini: ngamia na mbuzi hunadiwa tangu asubuhi na mapema, na Mabedui huja kutoka jangwani kuuza na kununua. Kiswahili nacho si kigeni huko. Familia nyingi za Sharqiyah, kuanzia Ibra hadi Al Mudhaibi, zilikuwa na mashamba na maduka Unguja, Pemba na bara ya Afrika Mashariki, na nyingi zilirejea baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Nje ya mji, lami inapokwisha, mna njia za changarawe na udongo mgumu, mabonde makavu yaliyojaa mawe, na upande wa mashariki machanga makubwa ya Sharqiyah. Kwa mpanda baiskeli, ni ardhi pana isiyo na msongamano wa magari.

Tatizo ni jua. Mnamo Juni 2018, katika mji wa pwani wa Quriyat, joto halikuteremka chini ya nyuzi 42.6 za Selsiasi kwa muda wa saa 24, usiku kucha na mchana kutwa. Sheria ya kazi ya Oman yenyewe inakataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Msikilizaji wetu alipanda baiskeli nusu saa tu baada ya muda huo kwisha, akidhani kwamba hatari imepita. Ardhi na mawe yaliyopigwa na jua tangu asubuhi huwa yangali yakitoa joto wakati huo, na mwili unaofanya kazi huongeza joto lake wenyewe.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ni ya kalenda. Kuanzia Novemba hadi Machi, mtu wa Sinaw anaweza kupanda baiskeli nje karibu saa yoyote ya mchana. Aprili na Oktoba, ni alfajiri na mapema. Mei hadi Septemba, kwa mtu mwenye umri wa miaka sitini na zaidi ambaye daktari amemwonya, njia ya salama ni chumbani. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya mazoezi ya mwaka mzima yatafanyika ndani ya kuta nne, na baiskeli isiyokaa vizuri chumbani itakuwa imeshindwa nusu ya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Sasa tuieleze baiskeli yenyewe. Baiskeli ya changarawe inafanana kwa umbo na ile ya mashindano ya barabarani: usukani uliopinda kuelekea chini na fremu nyepesi. Tofauti ni kwamba fremu yake ina nafasi ya matairi mapana zaidi, aghalabu milimita 38 hadi 50, breki zake ni za diski, gia zake ni nyepesi, na mpandaji hukaa wima kidogo kuliko mshindani wa barabara za lami. Mtindo huu ulipata umaarufu zaidi nchini Marekani, ambako mashindano ya Emporia, katika jimbo la Kansas, yanayojulikana leo kwa jina la Unbound Gravel, yalianza mwaka 2006 kwa masafa ya takriban kilomita 320. Shirikisho la mchezo wa baiskeli duniani, UCI, liliandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa changarawe nchini Italia mwezi Oktoba 2022.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Mwaka 2021 yalianza nchini Kenya mashindano ya Migration Gravel Race, yanayopita katika nchi ya Wamasai, na humo waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda walishindana na wageni kutoka Ulaya na Marekani. Mmoja wa vinara wa juhudi hizo alikuwa Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, aliyefariki dunia tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani. Tunamkumbuka hapa kwa heshima, na pia kwa funzo: changarawe huteleza hata chini ya magurudumu ya bingwa. Kofia ngumu ni ya lazima, na mteremko haushukwi kwa pupa.

Naam, wapenzi wasikilizaji, tuingie sasa chumbani. Mashine za kufungia baiskeli kwa ajili ya mazoezi ya ndani ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza hushika baiskeli nzima, na gurudumu la nyuma hukaa juu ya rola inayolizuia lisizunguke kwa wepesi. Mashine hii ni ya bei nafuu, lakini matairi ya changarawe yenye meno hunguruma juu ya rola kama kinu cha kusaga, huteleza na kulika haraka. Tena mashine nyingi za aina hii zina kikomo cha upana wa tairi. Ya pili haihitaji gurudumu la nyuma kabisa: unalitoa, kisha unaifunga fremu moja kwa moja kwenye mashine, ambayo ina gia zake za kupokea mnyororo. Hii ni ya ghali zaidi, lakini ni tulivu na haili tairi. Baadhi huunganishwa na simu au kompyuta, zikabadilisha uzito wa pedali zenyewe, ukahisi kana kwamba unapanda mlima.

Kwa mtu atakayefanya mazoezi ndani kwa miezi mitano mfululizo, aina ya pili ndiyo tunayoipendekeza, na hapo ndipo sehemu ya nyuma ya baiskeli inapokuwa na uzito. Zamani gurudumu lilifungwa kwa wenzo mdogo wa kukaza, na upana wa fremu kwa nyuma ulikuwa milimita 130 au 135. Baiskeli nyingi za changarawe za siku hizi hutumia ekseli nene ya milimita 12, inayopenya katikati ya gurudumu na kukazwa kwa hesi kwenye fremu, na upana wake ni milimita 142. Baiskeli nyingi za milimani zina upana wa milimita 148. Mashine bora huja na vipande vya kuzibadilisha ili zikubali vipimo hivi vyote, lakini si mashine zote. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, andika vipimo hivyo kwenye karatasi na uvilinganishe na vya mashine. Ekseli ya milimita 12 kwa 142 ndiyo itakayompa ndugu yetu uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua mashine leo, na wa kupata gurudumu la akiba baadaye.

Nasema hivi kwa sababu yalinifika mwenyewe. Nilipohamia huku Ulaya nilinunua baiskeli iliyokwisha kutumika kwa bei iliyonifurahisha, na baada ya miezi michache nikanunua mashine ya mazoezi. Siku ya kuifunga niligundua kuwa ekseli haiingii, na kipande cha kuunganisha vitu hivyo viwili hakikutengenezwa kamwe. Majira yote ya baridi mashine ilikaa kwenye kona ikining'inizwa makoti. Kosa halikuwa la muuzaji yeyote. Sikuwa nimeuliza.

Swali la pili linahusu gia za nyuma. Mashine huhitaji seti yake ya gia, na seti hiyo sharti iwe na idadi ileile ya gia kama iliyo kwenye gurudumu lako: kumi na moja kwa kumi na moja, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Hali kadhalika, namna seti inavyoshikamana na habu hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo muulize fundi kama habu ya mashine inaikubali. Na kumbuka kwamba mnyororo na gia hulika pamoja. Mnyororo uliolegea kwa matumizi ya nje ukiwekwa juu ya gia mpya za ndani utazila gia hizo haraka. Badilisha mnyororo mapema, kabla haujaharibu seti zote mbili.

Jambo la tatu ni breki. Nyingi za baiskeli hizi hutumia breki za diski zinazosukumwa kwa mafuta. Ukilitoa gurudumu la nyuma na kufunga baiskeli kwenye mashine, hakuna diski tena kati ya vipande vya breki. Mtoto akiichezea breki, vipande hivyo vitabanana, na siku ya kurudisha gurudumu diski haitapenya. Dawa yake ni kijipande cha plastiki ambacho huwekwa katikati ya breki badala ya diski. Kinapatikana kwa bei ndogo, na aghalabu huja pamoja na baiskeli. Usikitupe.

Tukitoka nje, mazungumzo yote ni ya matairi. Kwa changarawe ya Sinaw, chagua fremu inayokubali tairi la milimita 45 au zaidi, hata kama utaanza na la 40. Magari yanayopita kwa kasi kwenye njia za udongo huzitia mikunjo midogomidogo kama ubao wa kufulia, na upana wa tairi ndio unaouokoa mgongo wa mpandaji. Tairi pana halihitaji upepo mwingi: kwa mtu wa kilo 70 na tairi la milimita 40, baa mbili hadi mbili na nusu zinatosha. Adui wa pili ni miiba ya mgunga. Ndiyo maana wapandaji wengi wa jangwani huacha tyubu na kutumia tairi linaloshikana na rimu lenyewe, ndani yake mkiwa na majimaji mazito yanayoziba tundu mara tu mwiba unapochomoka. Nchi ya joto hukausha majimaji hayo upesi, kwa hiyo yakaguliwe kila baada ya wiki chache, na tyubu moja ya akiba isikosekane mfukoni.

Gia nazo zisisahauliwe. Wengi wenu mnakumbuka mashindano ya Tour of Oman, yaliyoanza mwaka 2010, na ule mlima wake mashuhuri wa Jabal al Akhdhar. Kilomita zake 5.7 za mwisho zina mwinuko wa wastani unaozidi asilimia 10. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alishinda mashindano hayo mwaka 2013 na tena 2014. Ndugu yetu wa Sinaw hashindani na Froome, lakini akitaka kupanda hata kilima kidogo chenye mawe yaliyolegea bila ya kuumiza magoti, inafaa gia yake nyepesi kabisa iwe na meno ya nyuma yaliyo sawa au zaidi ya yale ya mbele, kwa mfano 40 mbele na 42 nyuma. Ndani ya chumba jambo hilo halina umuhimu mkubwa, kwani mashine ndiyo inayopanga uzito. Kwa hiyo gia zichaguliwe kwa ajili ya nje, na ekseli ichaguliwe kwa ajili ya ndani.

Kinachohusu pande zote mbili ni kipimo cha mwili. Nje, mpandaji hujiinua, hujigeuza na hupumzisha mikono bila ya kujua. Chumbani baiskeli haitikisiki, na mtu hukaa kwenye tandiko moja kwa saa nzima akiwa ameganda. Tandiko lisilomfaa, ambalo nje angelivumilia, ndani litamtoa machozi. Fremu ikiwa ndefu mno, shingo na viganja vitalalamika katika wiki ya kwanza. Kwa hiyo ni heri baiskeli ya kawaida inayomtosha mwili kuliko ya fahari inayomzidi. Apande dukani kwa robo saa, si dakika mbili.

Ama fremu, ziko za alumini, za chuma na za nyuzi za kaboni. Kaboni ni nyepesi na ya ghali, na baadhi ya watengenezaji hawakubali ifungwe kwenye mashine, kwa hiyo soma karatasi ya dhamana kabla ya kuamua. Kwa mahitaji ya msikilizaji wetu, alumini inatosha kabisa. Adui mkubwa wa fremu yoyote chumbani ni jasho. Aliyekulia pwani ya Unguja anajua jinsi chumvi inavyokula chuma, na jasho la saa moja hudondoka palepale kila siku, juu ya usukani na hesi zake. Taulo itandazwe juu ya usukani, na baiskeli ifutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo kila baada ya mazoezi. Vilevile, ikirudi kutoka jangwani, mnyororo usafishwe vumbi kabla ya kuingizwa ndani. Mafuta mazito hukusanya mchanga. Mafuta makavu ya nta yanafaa zaidi.

Na chumbani nako joto lipo. Mwili wa binadamu hugeuza takriban robo tu ya nguvu zake kuwa mwendo wa pedali, na nyingine zote hutoka kama joto. Anayekanyaga kwa wati 150 anatoa joto la mara tatu au zaidi ya kiasi hicho. Nje, mwendo wenyewe huleta upepo. Ndani, hakuna upepo usipouleta. Kiyoyozi peke yake hakitoshi. Feni kubwa inayompiga mpandaji kifuani ni sehemu ya mazoezi kama ilivyo baiskeli, na chupa ya maji iwe karibu. Mwenye maradhi ya sukari azungumze kwanza na daktari wake kuhusu kiasi cha mazoezi na wakati wa kula.

Sasa tuhesabu akiba. Ushauri wetu ni kwamba isimalizike yote kwenye baiskeli. Orodha ina mashine, seti ya gia, feni, kofia, tyubu ya akiba na pampu. Yanayoweza kuachwa ni gia za umeme, fremu ya kaboni na springi za mbele, kwani tairi pana hufanya sehemu kubwa ya kazi ya springi. Fedha zikiwa haba, anunue baiskeli nzuri sasa, aanze na mashine ya rola pamoja na tairi laini lisilo na meno kwa ajili ya ndani, na mashine ya pili aifikirie mwakani. Ekseli iliyochaguliwa vizuri itamsubiri.

Twarudi basi kwenye swali lake: je, mshika mawili moja humponyoka? Katika jambo hili, humponyoka yule aliyenunua kwa kutazama jangwa peke yake na kukisahau chumba. Na huenda pakawa na faida ambayo barua haikuitaja. Baiskeli iliyofungwa chumbani, yenye tandiko linalopanda na kushuka, inaweza kutumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Bibi aliyempiga marufuku mumewe kutoka nje kwenye joto, kimo chao kikikaribiana, naye anaweza kuipanda bila ya kutoka nyumbani kwake.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Baada ya kupima ekseli, tairi na tandiko, ndugu yetu, nunua na uanze. Novemba ikifika, toka alfajiri, maji mkononi na simu mfukoni, umwambie mwenyeji wako njia unayopita. Na ukimwona yule mchunga ngamia, mpe salamu zetu.